Nembo haizuii kutu

Tangu Colt, kampuni ya bunduki ya Marekani iliyoanzishwa Hartford, Connecticut, mwaka 1855, iliponunuliwa na Wacheki wa CZ mwaka 2021, mazungumzo ya bunduki barazani na kwenye simu zetu yamekuwa kama ya msibani. Mwaka uliofuata kundi zima likabadili jina likawa Colt CZ Group. Mwaka 2024 Wacheki wengine, Czechoslovak Group, wakachukua viwanda vya risasi vya Marekani vinavyouza kwa majina ya Federal, CCI na Remington. Vijana wanaofuatilia mambo haya, walinzi wa makampuni, wasasi wenye leseni na hata maofisa ambao siku moja watakaa kwenye kamati ya zabuni wanaulizana sasa wamwamini nani kwa bunduki za nusu-otomatiki, zile ambazo kila ukibonya kifyatuo hutoka risasi moja na mtambo ukajipakia wenyewe. Wengine wamekwisha kujijibu: jina la zamani limekwisha, basi na litafutwe jina jengine.

Mimi naona habari hii tumeisoma kinyume. Kuuzwa kwa Colt hakukutunyang'anya dhamana yoyote, kwa sababu jina halikuwahi kuwa dhamana. Mtengenezaji wa kuaminika ni yule ambaye bunduki yake imejaribiwa na mtu asiyekuwa yeye, ambaye vipuri vyake vinafika hapa tulipo, na ambaye kasoro ikionekana huita bidhaa yake irudi bila ya kungoja mahakama. Anayetimiza hayo anaweza kuwa na jina la miaka 150 au la miaka 15. Asiyetimiza, nembo yake haitamsaidia mnunuzi kitu siku mtambo utakapogoma.

Kabla sijaendelea, kuna pingamizi najua linakuja: Zanzibar inahitaji nini na mazungumzo ya bunduki za nusu-otomatiki? Ni pingamizi la haki. Visiwa hivi vina makovu ya risasi, tangu Januari ya 1964 hadi Januari ya 2001, na sitaki kuona bunduki zikiongezeka majumbani. Polisi ni jambo la Muungano, silaha haimilikiwi bila ya leseni, na kinachoonekana zaidi mlangoni mwa benki au mkononi mwa msasi ni shotigani. Lakini swali la nani apewe leseni si swali la bunduki gani inunuliwe baada ya leseni kutoka. Bunduki inayolipuka ikianguka sakafuni haimuulizi mwenyewe kama ana kibali. Inampiga mtoto aliyelala chumba cha pili, au mlinzi mwenzake aliyekaa kwenye kiti. Na kwa vile hapa kwetu wanunuzi ni wachache, tena wengi wao ni kampuni na taasisi, uamuzi wa mtu mmoja kwenye meza moja huamua usalama wa wengi wasiojua hata bunduki ile imetoka wapi.

Tena hatuna haki ya kujifanya wageni katika biashara hii. Karne ya 19 Unguja ilikuwa mlango mkuu wa bunduki kuingia Afrika Mashariki. Meli za Salem, bandari ya Marekani, zilileta nguo za merikani na baruti, za Ulaya zikaleta magobore, na misafara ikayapeleka Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Mwaka 1888 konseli mkuu wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia upande huu wa Afrika kila mwaka. Lugha yetu imehifadhi historia hiyo: gobore, gumegume, fataki, marisau, kasiba. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya zilizokwisha kuachwa, au bunduki za biashara zilizotengenezwa kwa bei ya chini katika miji kama Birmingham ya Uingereza na Liège ya Ubelgiji. Wasafiri wa zama zile wameandika habari za kasiba, yaani mitutu, zilizopasuka mikononi mwa wenyewe. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya kasiba zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha nafasi kwa gumegume zisizo na mifereji. Wakubwa wa Ulaya walikuwa na sababu zao, na biashara ya watumwa ilikuwa miongoni mwa hizo. Lakini tazama kilichobaki kwa mnunuzi wa huku: aliruhusiwa kununua kile ambacho muuzaji mwenyewe asingekwenda nacho vitani.

Ninaikumbusha habari hii kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hulisahau. Miji ileile iliyotuuzia magobore ilikuwa na dawa ya maradhi haya. Liège ilikuwa na nyumba ya majaribio ya bunduki tangu 1672. Birmingham ilipata yake kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Kazi ya nyumba hizo ni nyepesi kueleza: bunduki inaletwa, inapigwa risasi ya majaribio yenye nguvu kupita ya kawaida, na ikibaki salama inagongwa muhuri. Mtengenezaji hapigi muhuri huo mwenyewe. Mwaka 1914 nyumba hizo za nchi mbalimbali zikaunda tume ya pamoja, inayojulikana kwa herufi C.I.P., na leo nchi wanachama zinatambua mihuri ya wenzao. Ubelgiji, Ujerumani, Italia, Uingereza na Jamhuri ya Cheki zimo. Hata Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako nusu ya biashara za Darajani zina jamaa, wamo. Tanzania haimo. Kwa hiyo bunduki ikifika bandarini kwetu, muhuri iliokuja nao ndio huohuo iliokuwa nao. Hapa hakuna nyumba ya kuipiga mwengine.

Marekani, ambayo ndiyo inayoongoza mazungumzo ya bunduki hizi duniani, haina nyumba ya namna hiyo ya lazima. Viwango vyake vinawekwa na chama cha watengenezaji wenyewe, kilichoanza mwaka 1926, na kuvifuata ni hiari. Kuna zaidi ya hilo. Bunge la Marekani lilipounda mamlaka ya usalama wa bidhaa mwaka 1972, bunduki ziliachwa nje ya uwezo wake. Mamlaka hiyo inaweza kuchukua hatua dhidi ya birika au kitanda cha mtoto, lakini haiwezi kumlazimisha mtengenezaji wa bunduki airejeshe bidhaa yenye kasoro. Sisemi kuwa bunduki za Kimarekani ni mbovu. Baadhi yake ni miongoni mwa zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Ninasema kwamba mnunuzi wa Unguja anayesoma orodha za Wamarekani za kampuni bora anasoma maoni ya soko lililoacha mlango mmoja wa ulinzi wazi, naye hawezi kumpigia simu mwanasheria wa Connecticut mambo yakiharibika.

Tuje kwenye hoja za wanaoshikilia jina, maana zina uzito. Kampuni iliyotengeneza bunduki kwa jeshi kubwa imelazimishwa kufanya mambo ambayo peke yake pengine isingeyafanya. Chukua boliti, kile kipande kinachofunga nyuma ya kasiba wakati risasi inapolipuka. Katika bunduki za jeshi za jamii ya AR-15, ile ya nusu-otomatiki ya Kimarekani inayozungumzwa zaidi, boliti hupigwa risasi ya nguvu ya ziada kisha hukaguliwa kwa sumaku ili nyufa zisizoonekana kwa jicho zijitokeze. Chuma cha kasiba kimetajwa kwa daraja lake, chemba, pale risasi inapokaa, imepakwa kromu, na jeshi huweka mkaguzi wake kiwandani. Colt ilinunua haki za bunduki hii kutoka kwa ArmaLite, kampuni iliyoibuni, mwaka 1959, na uzoefu wa miongo yote iliyofuata si kitu cha kudharau. Anayesema "nunua kwa aliyekaguliwa na jeshi" hajakosea sana.

Anapokosea ni pale anapodhani uzoefu huo umekaa ndani ya jina. Uzoefu umekaa ndani ya watu, vipimo na mashine, na vyote hivyo vinaweza kuondoka jina likabaki. Mfano ulio wazi kuliko yote si wa bunduki ya nusu-otomatiki, lakini somo ni lilelile. Marlin, kampuni ya Marekani, ilikuwa ikitengeneza bunduki za wasasi tangu 1870. Mwishoni mwa 2007 Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki pia, ikakubali kuinunua, na mwaka 2011 kiwanda cha Marlin cha North Haven kikafungwa na kazi ikahamishiwa New York. Mashine kongwe zilihama. Mafundi waliozijua tabia zake hawakuhama. Bunduki zilizotoka baada ya hapo zilikuwa na nembo ileile, na wanunuzi wakalalamika kwa miaka: mbao zisizokaa sawa, vielekezo vilivyopinda, mitambo inayokwaruza. Remington yenyewe ikafilisika mara mbili, 2018 na 2020, ikauzwa vipande vipande. Ruger, kampuni nyengine ya bunduki ya Marekani, ikachukua Marlin, ikakaa karibu mwaka mzima ikipanga upya utengenezaji katika kiwanda chake cha North Carolina, na bunduki za kwanza zikatoka mwishoni mwa 2021, zikasifiwa na walewale waliokuwa wakilalamika. Jina moja, mikono mitatu. Mwenye kununua kwa kusoma jina tu angepata bunduki nzuri, kisha mbaya, kisha nzuri, asijue kwa nini.

Kwa hiyo kuhusu Colt swali la maana si kwamba mwenye hisa anaishi Prague au Connecticut. Ni je, mkaguzi yuleyule bado yupo kwenye mstari? Boliti bado zinakaguliwa vilevile? Ikumbukwe kwamba Colt iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2015 ikiwa mikononi mwa Wamarekani, na mwaka 2019 ilisimamisha kwa muda utengenezaji wa bunduki za aina hii kwa raia. Mmiliki mwenye kiwanda chake mwenyewe cha bunduki, kutoka nchi yenye nyumba ya majaribio ya lazima, huenda akawa habari njema kuliko wawekezaji wasiojua kasiba na bomba la maji.

Kuna upande wa pili, nao hupenda kujiita upande wa wajanja. Hawa wanasema: hakimiliki za Colt juu ya AR-15 zilikwisha muda wake mwaka 1977, tangu hapo kila mtu anatengeneza; viwiliwili vya alumini, yaani maboksi yanayoshika mtambo, hufuliwa na viwanda vichache tu kisha vikagawiwa kwa nembo nyingi; basi ghali na rahisi vyote vimetoka tanuri moja, nunua rahisi. Nusu ya maneno haya ni kweli, na ni kweli yenye faida, kwa sababu inavunja ibada ya nembo. Lakini mtu hafi kwa sababu ya kiwiliwili. Bunduki hugoma au hupasuka kwa sababu ya boliti isiyokaguliwa, chemba iliyochongwa kwa kifaa kilichochakaa, skrubu ya bomba la gesi ambayo haikufungwa imara ikalegea baada ya risasi mia tatu. Kipande kilekile kinaweza kutoka tanuri moja, kimoja kikakaguliwa na chengine kikatiwa ndani ya boksi vivyo hivyo. Bei ndogo si kosa. Kosa ni bei ndogo isiyokuwa na karatasi ya ukaguzi nyuma yake. Mtengenezaji mdogo atakayekuonesha kila boliti ilipimwa lini na kwa njia gani ni bora kuliko mkubwa anayekuonesha picha ya askari.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi kwetu: ya Mjerumani nzuri, ya Mchina mbovu, ya Mrusi haifi. Nchi haitengenezi bunduki. Uingereza, yenye historia ya ufundi ambayo hakuna wa kuibeza, iliwapa askari wake mwaka 1985 bunduki ya SA80 ambayo iligoma kwenye vumbi na kudondosha magazini, hadi Wajerumani wa Heckler & Koch wakapewa kazi ya kuitengeneza upya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo shabiki wa Ujerumani hushangilia. Lakini kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza G36, ambayo mwaka 2015 waziri wa ulinzi wa Ujerumani alitangaza kwamba haina mustakabali katika jeshi lake, kwa madai kuwa ikipata joto inakosa shabaha. Ubunifu wa Kalashnikov wa 1947 umetengenezwa Izhevsk ya Urusi, Kragujevac ya Serbia, China na kwengineko, vizuri na vibaya, wakati mwengine vizuri na vibaya katika nchi moja. Anayekuambia taifa badala ya kukuambia kiwanda, mwaka na karatasi ya ukaguzi hajakuambia kitu.

Kesi ya G36 ina somo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, na watu hulipita. Serikali ya Ujerumani ilitaka fidia. Mwaka 2016 mahakama ya Koblenz ikaamua kuwa kampuni haidaiwi, kwa sababu bunduki zilikuwa zimetimiza yale yaliyoandikwa kwenye mkataba. Yaani mnunuzi hakuandika kile alichokuja kukitaka baadaye. Ikiwa jeshi la Ujerumani, lenye wahandisi wake na maabara zake, liliweza kujikuta hapo, kampuni ya ulinzi ya Unguja inayoagiza bunduki kumi na mbili kupitia wakala wa ng'ambo ya maji itajikuta wapi?

Na sisi tuna hali ya kuandika ambayo Mjerumani hanayo: chumvi. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza kwa nini M16, bunduki za jeshi za jamii hiyohiyo ya AR-15, ziligoma mikononi mwa askari Vietnam. Ilibainika kuwa baruti ya risasi ilibadilishwa, chemba hazikupakwa kromu zikashika kutu katika unyevu, na askari walipelekwa bila ya vifaa vya kutosha vya kusafishia. Ubunifu ulikuwa mzuri. Mazingira na risasi ndivyo vilivyoushinda. Hewa ya Nungwi, Mkoani au Wete haina huruma zaidi kwa chuma kuliko ile ya Vietnam. Kasiba isiyokuwa na kromu au kinga nyengine ya maana itaota madoa ndani ya masika moja, na mlinzi anayekaa usiku kucha karibu na bahari hupakaa kile alichonacho. Marehemu ami yangu, msasi wa kusini Unguja aliyekuwa akifukuza nguruwe mashambani, alikuwa akipaka mafuta ya nazi, maana ndiyo yaliyokuwa nyumbani. Yaliganda ndani ya mtambo kama gundi. Springi ya kifyatuo ilipovunjika, wakala aliyemuuzia bunduki ile alimwambia kipuri hicho hakiji tena. Ilikuwa ya jina kubwa sana. Ilikaa pembeni mwa kabati miaka mingi, na nguruwe wakaendelea na mihogo yake.

Ndiyo maana suala la vipuri na la kurejesha bidhaa haliwezi kuwekwa mwisho wa orodha. Remington ilikaa miaka na malalamiko kuhusu kifyatuo cha bunduki yake maarufu ya Model 700, kwamba inaweza kulipuka bila kubonywa. Mwaka 2014 ikarejesha vifyatuo vya toleo jipya, lakini kuhusu vile vya zamani, vilivyomo ndani ya mamilioni ya bunduki, kampuni iliendelea kukana kasoro hata ilipokubali mapatano mahakamani ya kuvibadilisha. Linganisha na Ruger, ambayo mwaka 2017 iligundua kuwa bastola yake ya Mark IV inaweza kulipuka kitasa cha usalama kikikaa katikati. Ilitangaza yenyewe, ikasema wazi watu wasiitumie hadi itengenezwe, ikalipa. Watu wengi huhesabu tangazo la namna hiyo kuwa aibu ya kampuni. Mimi nalihesabu kuwa cheti. Kampuni ambayo haijawahi kurejesha kitu chochote ama ina bahati ya pekee, ama haiangalii.

Lakini tangazo la Ruger lilitumwa kwa wanunuzi waliojulikana kwa nambari za bunduki zao. Bunduki iliyopita kwa mawakala watatu hadi kufika Malindi haijulikani na mtengenezaji wake. Kwa hiyo anayeagiza hapa, awe mwenye hoteli Paje au kampuni ya ulinzi Chake Chake, adai kwa maandishi kwamba nambari zisajiliwe kwa mtengenezaji kwa jina la mnunuzi, na nakala ibaki kwenye jalada la leseni. Adai muhuri wa majaribio wa nchi mwanachama wa C.I.P., au, kama bunduki inatoka Marekani, karatasi ya ukaguzi wa boliti. Adai kinga ya kutu itajwe kwa jina lake badala ya neno "bora". Adai akiba ya springi, boliti na vitoa-maganda ya miaka mitano ije pamoja na mzigo wa kwanza, ilipwe pamoja nao. Na kabla ya kulipa salio, bunduki mbili zichaguliwe kwa kura zikae wiki tatu mahali pa wazi karibu na ufuo, zipakwe mafuta kama mlinzi atakavyozipaka, kisha zipelekwe shabaha chini ya usimamizi wa Polisi zikapigwe na risasi zilezile zitakazotumika kazini.